Shangazi, niuze Noah ninunue dabo kabini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Bombolulu, kazi yangu ni ya ofisini huku bandarini. Jina langu usiliandike tafadhali, kwa kuwa mke wangu anakusoma kila wiki.

Miaka miwili iliyopita nilinunua pikipiki ya motokrosi iliyotumika, Yamaha YZ250F. Nilisema ni ya kupunguza kitambi tu. Kijana wangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, akaipenda kuliko mimi, nikamtafutia YZ85, ndogo yake. Kila Jumapili ya pili tunakwenda Mazeras, kuna mzee ana shamba lenye vilima na makorongo anatuachia tuendeshe. Mwaka jana tulipanda Nairobi mara nne, kijana akashindana Jamhuri Park.

Shida ni usafiri. Pikipiki hizi hazina taa wala namba, hazitakiwi kugusa lami. Nakodi pikapu Kongowea: Mazeras kwenda na kurudi ni 4,500, Nairobi ni 35,000 pamoja na mafuta. Dereva akichelewa, sote tumechelewa. Mwezi wa tatu alitujia na pikapu iliyotoka kushusha ng'onda, pikipiki zikanuka hadi Jumatano.

Sasa nimeona Hilux dabo kabini, pikapu yenye viti vya mbele na vya nyuma, ya 2014, 4x4, nyeupe, kwenye yadi moja Nyali. Wanataka 2,650,000. Hesabu yangu ni hii: niuze Noah yetu ya familia, dalali ameniambia 1,050,000, akiba ninayo 400,000, na Sacco itanipa 1,200,000 nilipe kwa miezi 48, riba asilimia 12 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Gari moja litafanya kila kitu: shule, kwa wakwe Kaloleni, na pikipiki. Wenzangu wengi wa motokrosi wana dabo kabini. Mmoja ananiambia niagize nje, mwingine ananiambia Isuzu D-Max. Muuzaji naye anasema kuna mteja anakuja Ijumaa na pesa.

Mke wangu bado sijamwambia habari ya Noah. Yeye na mabinti walikuja Mazeras mara moja, wakarudi na vumbi hadi kwenye kope, hawajataka tena.

Ninunue lini, Shangazi, na nichukue ipi?

Baba Pikipiki, Bombolulu


Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo mteja wa Ijumaa. Mwaka wa ishirini na tatu huu niko nyuma ya kaunta ya spea hapa Mwembe Tayari, na kila gari linalouzwa mji huu lina mteja wake wa Ijumaa mwenye pesa mkononi. Bado sijamwona akifika. Mwambie muuzaji amuuzie huyo, wewe una kazi ya kupima.

Chukua futi ya chuma, nenda kwenye hiyo Hilux, ufungue mlango wa nyuma wa bodi, upime sakafu ya bodi kutoka ukuta wa kabini hadi ukingoni. Utapata mita moja na nusu na sentimita mbili tatu. Rudi nyumbani upime 250 yako. Urefu wake wote ni kama mita 2.17, lakini huo usikutishe, watu husafiri mlango ukiwa wazi. Kipimo chenye maana ni kutoka ncha ya tairi la mbele hadi pale tairi la nyuma linapokanyaga chini. Kati ya ekseli mbili za YZ250F kuna karibu mita 1.48. Ongeza nusu ya tairi la mbele, sentimita 35 hivi, unafika 1.83. Bodi ya dabo kabini ilikwisha zamani kwenye 1.52. Kwa hiyo tairi la nyuma halikanyagi bodi, linakanyaga mlango. Pikipiki yenye mafuta ina kilo 106 hivi, karibu nusu yake inakaa juu ya mlango unaoshikiliwa na vikamba viwili vya waya, na kila tuta kutoka Changamwe hadi Mazeras linavipiga vikamba hivyo. Mimi navijua kwa sababu naviuza. Wateja wake ni wa aina mbili: wabeba mbao, na nyinyi.

Ile 85 ya kijana ni afadhali kidogo. Ekseli zake zina mita 1.26, pamoja na nusu tairi ni 1.55, inasimama ukingoni kabisa, nusu ndani nusu mlangoni. Lakini ana miaka kumi na miwili. Hawa watoto wanarefuka usiku mmoja; mwakani au mwaka wa pili magoti yatagonga hendeli na utakuja kutafuta 125. YZ125 inakaribia urefu wa yako. Hapo utakuwa na pikipiki mbili kubwa mlangoni, hendeli zenye zaidi ya sentimita 80 kila moja zikigombania bodi yenye upana wa mita moja na nusu na kidogo. Inawezekana, moja inatazama mbele na ya pili inatazama nyuma, nimeona wakifanya. Nimeona pia mlango uliopinda katikati kama sinia.

Singo kabini, ile yenye viti vya mbele tu, ina bodi ya mita 2.3. Pikipiki zote mbili zinaingia mzimamzima, mlango unafungwa nyuma yao, basi. Ipo na ya katikati, ile yenye kabini iliyorefushwa kidogo nyuma ya viti, bodi yake mita 1.8. Ukikutana nayo safi itazame, ingawa mimi huku Pwani siioni mara nyingi.

Najua utakachosema: familia nitaiweka wapi? Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwatafuta. Mke na mabinti wamekwenda Mazeras mara moja na wamekataa kurudi. Nairobi mnapanda wewe na kijana. Watu wawili, viti viwili. Hiyo dabo kabini unayoitaka itabeba viti vya nyuma vitupu kilomita 480 hadi Nairobi na kuvirudisha, na kwa ajili ya viti hivyo umepoteza sentimita 80 za bodi. Na mama watoto, ambaye sasa ana gari la milango ya kuteleza, watoto wanaingia na mabegi bila kugonga gari la jirani, ataamka akute anaegesha pikapu ya mita tano na ushei mbele ya shule. Kwa gari ambalo hakulichagua. Hapana, Noah usiiuze.

Halafu tupige hesabu ambayo hukuipiga, au uliipiga ukaifunika. Mazeras mara 24 kwa mwaka ni 108,000. Nairobi mara nne ni 140,000. Jumla unakodi kwa 248,000. Mkopo wako wa milioni moja na laki mbili, kwa riba hiyo, ni kama 31,600 kila mwezi, yaani 379,000 na kidogo kwa mwaka. Hapo hujalipa bima, hujanunua matairi manne, hujaweka dizeli. Nairobi kwenda na kurudi ni lita mia moja hivi, na ukiwa na gari lako hakuna dereva wa kukulipia. Kwa hiyo usiniambie unanunua ili uokoe pesa. Unanunua kwa sababu umechoka kumsubiri mtu wa ng'onda, na kwa sababu wenzako wanazo. Kisebusebu na kiroho papo. Hizo ni sababu halali, mimi sizicheki, ila zisikufanye uuze gari la nyumba.

Ninachokushauri ni singo kabini ya dizeli, 4x2, yaani inayosukumwa na magurudumu mawili tu, iliyotumika hapahapa Kenya, Isuzu D-Max au Hilux, yoyote utakayoikuta na mwili mzima. Wateja wangu wamekuwa wakizipata za miaka hiyohiyo ya 2013 na 2014 kwa milioni moja na nusu, nzuri zaidi zinapita hapo. Kati ya hizo mbili sikuvutii upande wowote, spea za zote ninazo. Isuzu zinaunganishwa Nairobi na kila fundi wa jua kali kuanzia Jomvu hadi Mariakani ameshaifungua injini yake. Hilux unalipia jina, lakini siku ya kuuza jina hilo linakurudishia. Injini za D-4D, zile za dizeli za Toyota, zina injekta zisizovumilia dizeli chafu, ukijaza mafuta vibanda vya kando ya barabara utakuja kunitembelea mapema.

4x4 ya nini? Inapandisha bei, inapandisha bodi juu, na bodi ikiwa juu ndiyo mgongo wako unapandisha kilo 106 kwenye ubao. Masika ikinyesha Mazeras kukawa utelezi, mzee wa shamba mwenyewe hatawaruhusu. Ila kumbuka singo kabini tupu ina nyuma nyepesi, barabara ikilowa inateleza kama imepakwa samli. Endesha polepole, usijaribu kumwonyesha kijana kitu.

Huyo anayekuambia uagize nje hakukosea, ila mfuko wake si wako. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kuanzia Januari 1, 2026 linaloingia ni la 2019 kuja juu. Pikapu ya mwaka huo, na ushuru juu yake, inakupita. Ukiona za Uingereza zina bei ya kuvutia, lala chini uangalie tumboni, kwani kule barabara zinamwagwa chumvi wakati wa baridi. Na sheria hiyo inakuambia jambo jingine kuhusu Hilux yako ya yadi: gari la 2014 halikushuka melini juzi. Limekuwa humu nchini kwa miaka. Muulize muuzaji lilikuwa linabeba nini. Nina hakika hamjafika huko, mmezungumzia rangi.

Hapa niruhusu nikueleze. Marehemu kaka yangu alinunua singo kabini kwa kampuni moja ya njia ya Malindi, bei ya kutupa, rangi mpya inang'aa mpaka unajiona. Mimi ndiye niliyemwambia chukua. Mwezi wa nne tangu ainunue, akiwa na mifuko ya saruji, alipanda tuta la Mtwapa akasikia mlio kama wa ukuni ukivunjika. Kabini ikatazama huku, bodi ikatazama kule. Fundi alikuja na bisibisi tu. Akaichoma chasisi nyuma kidogo ya kabini, bisibisi ikazama kama kwenye boflo. Kumbe maisha yake yote ile pikapu ilikuwa inabeba chumvi kutoka Gongoni. Chumvi ilikuwa imeila kwa ndani, chasisi ni kama bomba, nje unaona chuma na ndani hakuna kitu.

Kwa hiyo nenda na bisibisi na tochi, mwanangu. Choma chasisi pale nyuma ya kabini, pale springi zinapofungwa, na chini ya matuta mawili ya magurudumu ndani ya bodi. Inua mpira au bati lililotandikwa bodini, muuzaji akikataa lisiinuliwe umeshapata jibu. Nusa. Samaki haoshwi na sabuni, hilo unalijua kuliko mimi. Rangi mpya tumboni mwa gari kuukuu ni ya kufichia. Na kama limetoka Nairobi, injini inalia kijana lakini viti vimechakaa na pedali zimelika, uliza kama halikuwa la miraa. Yale magari yamekimbizwa kutoka Meru kila siku ya Mungu, dereva hajui gia nyingine ila ya mwisho.

Rekodi ya gari itafute NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kupitia tovuti ya eCitizen kabla hujatoa hata shilingi, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki iliyolishikilia. Ukishakuwa nayo, kumbuka pikapu ni gari la mizigo hata kama mzigo wako ni wa kuchezea: kikomo chako ni kilomita 80 kwa saa, na askari wa Mombasa Road wanaijua stika ya 80 na zile alama za kuakisi nyuma kuliko wanavyowajua watoto wao. Kwenye bima sema wazi unabeba mali yako mwenyewe. Ukianza kumhamishia jirani makochi kwa malipo, hiyo ni bima nyingine. Usingoje kujua siku ya ajali. Tena uulize kama pikipiki zenyewe zikiwa juu ya gari zimekingwa, wengi hudhani zimekingwa.

Umeuliza lini. Januari. Si kwa sababu ya nyota, ni karo. Kila mwaka, wiki ya pili ya Januari, watu wanakuja kaunta yangu kuulizia kama namjua mtu anayetaka gari. Desemba walikuwa Lamu, Januari shule zimefunguliwa. Gari lililokuwa na bei moja Novemba linashuka bila wewe kusema sana. Lakini kukagua usingoje Januari, anza Novemba wakati wa vuli. Gari litazame siku ya mvua: kabini inayovuja utaiona miguuni, injini isiyotaka kuwaka na unyevu utaisikia, na muuzaji hana hamu ya kusimama nje kukusimulia hadithi.

Kati ya sasa na wakati huo, jifanye mkopo umeshaanza. Kila mwisho wa mwezi toa zile 31,600 uziweke kando, na humo humo ulipe pikapu ya kukodi, ambayo kwa wastani inakula 20,700. Kinachobaki ni elfu kumi na kitu. Miezi saba inakupa kama elfu sabini na sita juu ya akiba yako. Kama hata miezi mitatu haijaisha umeshachota kwenye bahasha hiyo kununua tairi la motokrosi, basi mshahara wako umekujibu na wala hukunihitaji mimi. Ukivuka salama, Januari unatafuta kama milioni moja tu ya Sacco, kama 26,300 kwa mwezi, na Noah ipo palepale.

Trela nimeifikiria. Jua kali watakuchomelea nzuri ya pikipiki mbili na Noah itaivuta hadi Mazeras bila taabu, alimradi uisajili NTSA ipate namba zake. Lakini Nairobi, katikati ya malori ya makontena, usiku, Taru huko, na mtoto wako ndani? Mimi nisingelala. Kama ungekuwa mtu wa Mazeras tu ningekuambia chukua trela na hadithi iishe.

La mwisho ni kufunga, kwa sababu pikapu ya ndoto nayo haisaidii pikipiki iliyofungwa na kamba ya katani. Nunua mikanda minne yenye racheti, miwili kila pikipiki, kutoka kwenye hendeli kwenda pembe za mbele za bodi, na miwili mingine kwa nyuma ya kila pikipiki kama njia ni ya Nairobi. Kabla ya kukaza, weka kibao kati ya tairi la mbele na madigadi. Watu hukaza mpaka shoki za mbele zinalala kabisa, wakifika Voi sili zimepasuka na mafuta yanachuruzika, halafu wanasema Yamaha siku hizi mbovu. Funga koki ya petroli kama ipo. Ukisimama Mtito Andei kula, kaa pale unapoiona bodi, na karatasi za ununuzi wa pikipiki ziwe ndani ya gari, maana kitu kisicho na namba kinavutia maswali. Baada ya kilomita ishirini za kwanza simama ukaze tena. Mikanda hulegea njiani.

Na kuhusu jina lako, nimelificha kama ulivyotaka. Lakini mwanangu, Bombolulu, ofisi ya bandarini, Noah, pikipiki mbili, wakwe Kaloleni: nani mwingine? Ndiyo maana nilikutumia jibu hili kwa simu siku tatu kabla halijatoka, upate muda wa kumwambia mkeo wewe mwenyewe. Kama hukumwambia, basi sasa hivi naye ameshafika kwenye mstari huu.